Babu wa Kuazima

Kuna watu wanaopenda historia kama wengine wanavyopenda mpira, na Profesa alikuwa mmoja wao. Huo uprofesa wenyewe alipewa kazini kwa utani, maana shule aliishia kidato cha nne, na hata hapo alifika kwa kusukumwa. Lakini mwoneshe ukuta uliobomoka uone macho yanavyomwaka! Akienda kumtembelea shemeji yake, kabla hajatua begi ameshauliza, "Hapa kwenu kuna magofu?" Fungate yake alimpeleka mkewe kuangalia makaburi ya kale. Mkewe mpaka leo hajaisahau, na akiisimulia haisimulii kwa kucheka.

Sasa mtu wa namna hiyo akipata kazi ya kuongoza wageni kwenye gereza la zamani lililogeuzwa makumbusho, si ameipata pepo yake hapahapa duniani? Na kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Alijua kutembea kinyumenyume huku anaongea, asijikwae. Alijua kupaza sauti "Vichwa, jamani, vichwa!" kabla ya kila mlango mfupi. Alijua lango lilichongwa kwa mti gani, na wapagazi waliogoma enzi za mkoloni walifungwa upande upi wa ua. Wageni walikuwa wanapanda kilima cha gereza wakihema, wakishuka wanamsifia yeye.

Ubaya ulianzia chumba cha mwisho. Kilikuwa chumba kidogo, hakina dirisha, na ukuta wake wa ndani umejaa mistari iliyokwaruzwa na mtu. Mtu gani? Hapo ndipo penye kisa. Makaratasi ya gereza yaliungua zamani, na aliyekwaruza hakuacha jina. Profesa, kipindi kile bado mkweli, alikuwa akifika hapo anasema, "Huyu hatumjui." Basi wageni wanatazama saa zao, mmoja anapiga miayo, mwingine anauliza choo kiko wapi. Ziara nzima tamu, mwisho wake maji ya kunawia! Ilimuuma kama ametukanwa yeye.

Siku moja, mbele ya wageni waliochoka, mdomo ukamponyoka. "Aliyekaa humu," akasema, "ni babu yangu, mzaa mama." Weee! Vichwa vyote viligeuka. Akaona ameshawashika, akaongeza chumvi. Akasema babu alikuwa akikwaruza mstari kila asubuhi, na kila jioni akiimba, jela nzima inaitikia. Bwana jela akamwambia, nyamaza nikufungue. Babu akajibu, nifungue kwanza, ndipo ninyamaze. Mama mmoja kati ya wageni alilia mpaka akaazima leso.

Chumvi ikishaingia mchuzini haitoki. Kesho yake alirudia, na keshokutwa. Akabuni mtindo wa kuufunga mlango kabisa, wote wabaki gizani, aisimulie habari ya babu humohumo gizani, halafu aufungue, mwanga uwapige usoni. Watu walitoka pale wamenyamaza kama waliotoka mazikoni. Sifa zikafika kwa mkuu wa makumbusho, mama mmoja mchangamfu anayependa kazi yake kupita kiasi, naye akaweka kibao nje ya chumba: Hapa alifungwa mzee aliyekataa kunyamaza. Siku kibao kilipopigiliwa, Profesa hakula mchana. Alijua siku uongo ukijulikana kibarua kitaota nyasi. Hata hivyo hakikuwa kibarua kilichomnyima usingizi zaidi. Alikuwa anamwogopa mama yake.

Mama yake Profesa alikuwa mshona nguo, na ukweli wake ulikuwa balaa. Mteja akijigeuza mbele ya kioo aulize kama gauni limempendeza, mama anamjibu, "Kitambaa kizuri. Mwili ndio umezidi." Alishawahi kusimama mbele ya wazee wa mtaa akatoa ushahidi juu ya kaka yake wa tumbo moja, kwamba mpaka wa shamba ameusogeza yeye. Shamba likarudi kwa jirani, na kaka mtu hajamsalimia mpaka leo. Mtaani watu wakibishana walikuwa wanasema, "Twendeni kwa mama mshonaji." Akishasema yeye, ubishi umekwisha.

Mama huyo alikuwa hajawahi kukanyaga makumbusho. Nyumbani kwake mbali, kilima kikali, na magoti yake yana maneno. Kila mara alikuwa akisema, "Nitakuja nione kazi yako, mwanangu," na kila mara Profesa anamjibu, "Usijisumbue, mama, mawe matupu yale." Mkisikia mtu anayependa mawe kuliko chakula anayaita mawe matupu, jueni kuna jambo.

Mkuu wa makumbusho hakujua hayo. Yeye aliwaza, binti wa shujaa yuko hai, nasi tumekaa tu? Akaamua kumfanyia Profesa zawadi ya ghafla. Jumamosi moja alimfuata mama kwa gari la ofisi, akamwambia tu kwamba anakwenda kumwona mwanawe akifanya kazi. Mama akavaa viatu vyake vya harusini, akapaka mafuta miguu, akapanda gari kwa furaha. Njiani hakuambiwa neno, maana mkuu alitaka asiharibu utamu.

Wawili hao walifika Profesa akiwa anawaingiza wageni chumba cha mwisho. Wakajipenyeza nyuma ya kundi, mkuu kabana kicheko chake, mama kashika mkoba kwa mikono miwili. Profesa hakuwaona. Alivuta mlango, giza likawa giza.

"Aliyekaa humu," akaanza kwa ile sauti yake ya chini, "ni babu yangu, mzaa mama."

Nyuma kabisa mtu alicheka kidogo, kicheko cha raha, kama cha mtu aliyesikia jina la kwao limetajwa redioni. Profesa hakukijua. Akaendelea na mistari ya asubuhi, na nyimbo za jioni, na bwana jela, na lile jibu linalowapendeza watu. Kisha akafungua mlango.

Mwanga ulimwangukia mama yake.

Alikuwa ameegemea ukuta, na tabasamu lilikuwa bado halijamwisha usoni, limebaki nusu, kama limesahauliwa. Ndipo Profesa akaelewa kile kicheko. Mama alipomsikia anamtaja babu alifikiri atasikia habari za baba yake kweli, yule mzee aliyelima vitunguu na hakuwahi kufungwa popote. Alifurahi, maskini ya Mungu. Alisogea asikie vizuri. Profesa aliona aibu, aibu ya kuanzia kisiginoni. Alitamani ukuta ule, pamoja na historia yake yote, umwangukie.

"Jamani!" mkuu akapiga makofi. "Leo tuna bahati. Huyu hapa ndiye binti wa yule mzee! Mama yake mwenyewe Profesa!"

Watu walimzunguka mama. Mmoja alimshika mkono, mwingine akampiga picha. Kati yao alikuwepo mwalimu mmoja wa kike, mtu wa kupenda kuhakikisha mambo, ambaye tangu langoni alikuwa akiuliza hili na lile. Akamsogelea mama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, nina wanafunzi nitawapelekea habari hii, nisingependa kuwaambia kitu kisicho na uhakika. Ni kweli baba yako alifungwa humu?"

Swali si hilo! Profesa alifungua mdomo. Sasa ndiyo saa, akajiambia, sema, mwanaume wewe, sema kabla hajasema yeye. Alimtazama mama, mama akamtazama yeye, na katika kutazamana huko mama aliona yote: kibao, mkuu anayefuta machozi, na mwanawe aliyekunja mabega kama alivyokuwa akikunja utotoni akisubiri kofi.

Mama aligeukia ukuta. Alinyoosha kidole, akakipitisha taratibu kwenye mistari ile ya mtu asiyejulikana.

"Ndiyo," akasema. "Huu ni mkono wa baba."

Watu walipiga makofi. Mwalimu aliandika. Mkuu alimkumbatia mama akalia kwa sauti, na wageni wawili watatu wakalia naye. Katika chumba kile mtu aliyeaibika alikuwa mmoja tu, Profesa, na ndiye aliyepigiwa makofi mengi zaidi.

Wageni walipoondoka, Profesa alimpeleka mama kwenye chumba kidogo nyuma ya dirisha la tiketi, ambako wafanyakazi hunywa chai. Alimvutia kiti. Mama akavua vile viatu, akaanza kukanda vidole.

"Mama," Profesa akaanza.

"Nipe chai kwanza. Kumbe uongo unakausha koo, sikujua."

Alimmiminia. Chai nyingine ikamwagika kwenye sahani. Heri angemtukana! Angempiga hata kwa kiatu, angalau angejua pa kushika. Lakini mama alikunywa tu, akipuliza, kama yuko nyumbani kwake na hakuna lililotokea.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe kulekule ndani. Nisingekusamehe, ningesema kweli." Akaweka kikombe. "Ila nina swali moja. Baba yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Basi mbona umemfukuza? Umemtoa kwenye vitunguu vyake, ukamleta mtu mwingine, ukamkalisha mahali pake. Wewe alikuwa anakubeba mabegani kwenda shambani, unakumbuka? Unanuka vitunguu mpaka nakuogesha mara mbili."

"Nakumbuka, mama."

"Alikuwa anaogopa mbuzi. Mbuzi akitokea njiani, baba amehamia nyuma yangu, na mimi mtoto mdogo. Ananiambia, mfukuze huyo, mwanangu, usimwambie mama yako." Mama alicheka, akacheka peke yake, na kile kicheko kikaishia njiani. "Hajawahi kuimba. Sauti yake ilikuwa mbaya."

Profesa aliinamisha kichwa. "Hakuwa na la kusimulia, mama. Watu hawapandi kilima chote hiki waje kusikia habari za vitunguu."

"Nani kakwambia? Umewahi kuwaambia?"

Yeye, aliyezunguka nchi nzima akipapasa kuta za watu wengine, baba wa mama yake aliyemwona kwa macho hakumhesabu kuwa historia. Alimwonea haya, hiyo ndiyo kweli yenyewe, akaona heri aazime babu mwingine mwenye maneno makali. Na sasa alimwonea haya mama yake, na haya hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza.

Akasimama. "Nakwenda kwa mkuu sasa hivi. Namweleza kila kitu, wakinifukuza na wanifukuze."

"Utamweleza nini?"

"Kwamba nilidanganya."

"Na mimi je?" mama akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Mimi nimeulizwa mbele ya kadamnasi, nikasema ndiyo. Utamwambia kwamba mama yako naye ni mwongo? Keshokutwa habari ipo mtaani. Miaka yote hii watu wanakuja kwangu kuamuliwa, watakuja tena?"

Profesa alibaki ameshika kitasa cha mlango. Kuufungua hawezi, kukiachia hawezi.

"Kaa chini," mama akasema. "Mwana akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Kaa."

Akakaa. Hata hajajiweka vizuri, mkuu wa makumbusho akaingia, macho mekundu, uso umejaa furaha. Alisema hajawahi kuona siku kama ile. Alisema ameshaongea na watu wa redio na watakuja Jumamosi ijayo, na shule ya yule mwalimu itakuja, na gari litamfuata mama mpaka mlangoni na kumrudisha, na kama magoti yanasumbua watatafuta kiti cha kukaa humohumo chumbani, karibu na mistari.

"Watoto wakuguse, mama, wajue historia ni watu. Utatusaidia?"

Mama alimtazama mwanawe kidogo tu. "Nitakuja, mwanangu," akamwambia mkuu. Mkuu akambusu mkono, akatoka mbio kwenda kupiga simu.

Wakabaki wawili. Nje mfagiaji alikuwa anafunga milango ya vyumba, mmoja baada ya mwingine. Mama alimaliza chai yake, akafuta midomo kwa ncha ya kitambaa, akavisogeza viatu pembeni, akakaa sawasawa kama mtu anayeanza kazi.

"Haya," akasema. "Nifundishe."

"Nikufundishe nini, mama?"

"Baba yangu. Alikamatwa mwaka gani? Mama yangu alikuwa wapi, alikuwa akimletea chakula au walimkataza? Na huo wimbo unaimbwaje? Watu wa redio watauliza. Nisije nikakutia aibu mbele za watu."

Profesa alifunika uso kwa mikono miwili. Mama akangoja. Alikuwa na subira ya mshonaji yule mama, alingoja bila kumhimiza, mpaka mwanawe, bila kuinua kichwa, akautaja mwaka.

Mama akaurudia mara mbili, tatu, kwa sauti ndogo, mpaka akaushika.