Mlango Alioitiwa Fundi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Mei, asubuhi kweupe, dalali wa mahakama alipompigia honi fundi kufuli kibandani kwake. "Mzee, beba waya zako. Leo mlango mmoja tu, mwepesi."

Fundi hakuuliza wa nani. Hakuwahi kuuliza. Yeye kazi yake kufungua, wao kubeba. Dhambi, alijiambia, ni ya wakubwa wanaotia sahihi wakiwa kwenye viti vya kuzunguka.

Nyuma ya lori wapagazi wawili walikuwa wakibishania nani abebe kitanda. Lori likapita soko, likakata kushoto kwenye mashine ya kusaga. Likakata kushoto tena. Fundi akainua kichwa: hii njia ya kwake.

"Mdaiwa ni mwanamke," dalali alisema akipekua faili. "Deni la hospitali. Kaitwa mahakamani mara mbili, kaingia mitini."

Kaingia mitini! Yuko kaburini, na fundi ndiye aliyemzika. Hospitali ilimlaza mkewe, ikamrudishia maiti, kisha ikaishtaki hiyo maiti. Wito ulipoletwa kwa jina la marehemu, fundi aliutia jikoni ukaungua: basi marehemu na aende akaitike.

Lori likasimama mbele ya mlango wa bluu. Ndani kulikuwa na binti yake, na friji la kuuzia barafu, ndilo lililowalisha tangu mama aondoke. Dalali hakujua. Kwake huyu alikuwa Fundi tu, mtu asiye na kwao.

Dalali akagonga, akagonga tena.

"Wamejifungia hawa. Haya mzee, fanya vitu vyako."

Fundi akapiga magoti. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa mfukoni mwake. Akachomeka waya, akawa anauzungusha bila kushika kitu.

"Vipi, mkono umeota kutu?"

"Kitasa kibishi."

"Kibishi wewe!" dalali akacheka. "Jana umefungua geti la chuma sijamaliza hata kupiga chafya. Ukishindwa tunavunja, na gharama juu ya huyo mama."

Wapagazi walishashusha kamba. Fundi akasogeza mdomo kwenye tundu, akanong'ona: "Mwanangu, pitisha friji uani. Upesi."

Ndani miguu ikaja, si kuelekea uani, bali mlangoni.

"Baba?"

Dalali akaacha kucheka. Akamtazama fundi, akatazama faili, akamtazama tena.

"Baba, nimekusikia. Umekuja na nani?"