Chumvi ya Kuku wa Aabo

Miaka michache baada ya vita vya Wataliano, ukame ulimaliza ngamia wa baba yangu, Guleid, niliyemwita Aabo. Hakubaki hata mmoja. Akaja Garissa kukaa kwangu, akakaa mlangoni na mgongo ameupa barabara, asiwaone wenye mifugo wakipita kwenda mtoni.

Ndugu yake Sugow, aliyekuwa Griftu, akatuma salamu: mvua zikiisha lori la Nuh litapita Garissa, apande, aje waishi pamoja. Aabo akakubali. Mimi sikutaka. Sugow hakuwa mtu mbaya, lakini nilijua mzee asiye na mnyama anavyokaa kwenye boma la mwenzake. Hupewa maziwa ya mwisho, na hucheka mizaha isiyomchekesha. Tena goti la Aabo la kushoto lilikuwa limekwisha. Ila kumwambia mzee wangu "usiende" ingekuwa kumwambia hajui aendako. Nikawa nazihesabu mvua tu.

Siku hizo mume wangu alikuwa kwenye kazi ya barabara huko Modogashe, nami nilifuga kuku kumi na wawili. Walionona nilimwuzia Komora, Mpokomo aliyewapikia maofisa wa serikali. Sisi watu wa ngamia hatukuwahesabu kuku kuwa mifugo. Aabo hakuwa amewahi kuonja hata yai.

Asubuhi moja nikamwambia, "Aabo, nakwenda kufua. Niangalizie kuku, mwewe asiwachukue."

"Nichunge ndege?"

"Uwaangalie tu."

"Aabo," akanijibu, kwa maana kwetu baba naye humwita mtoto wake aabo, "mtu akiuliza, nitasema mimi nimekaa, na wao wamekaa."

Niliporudi, uwanja ulikuwa mtupu. Niliwakuta mbali kwenye migunga. Aabo alikuwa mbele, fimbo mabegani, anapiga mluzi wa ngamia. Nyuma yake kuku kumi na wawili walikuwa wanakwenda pande kumi na mbili.

"Pale nyumbani pamekwisha liwa," akanieleza. "Hawana malisho."

Siku ya pili nikakuta bakuli la maji limefunikwa kwa sufuria, juu yake jiwe.

"Walikunywa jana," akasema. "Ukiwazoesha maji kila siku hawatafika mbali."

Nikamwuliza polepole wanakwenda wapi. Akaliondoa jiwe.

Jirani yangu Maka hakumwachia nafasi. "Mzee Guleid," aliita kutoka upande wa pili wa ua, "unahama lini na kundi lako?"

"Nikipata ngamia wa kubeba maneno yako," Aabo akajibu. Tangu aje Garissa, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akifanya mzaha.

Lakini kuku walikuwa wanakonda na kuharisha. Komora alikuja, akampapasa mmoja kifua, akamweka chini taratibu. "Dada Dahabo," akaninong'oneza, "huyu ni mifupa na manyoya. Siwezi kumpeleka mezani." Alinong'ona ili mzee asisikie. Aabo alisikia. Siku hiyo hakunywa chai, kana kwamba mtu amemtukania ngamia wake.

Jioni akasema, "Hawa hawajapata chumvi."

Ngamia akikonda na majani yapo, hupelekwa kwenye kisima chenye maji ya chumvi, na baada ya hapo nundu husimama. Kesho yake Aabo akachechemea nusu siku, akarudi na udongo mweupe wa chumvi ndani ya kilemba chake. Akaumwaga mbele ya kuku. Wakaulalia, wakajipaka, wakaurusha hewani kwa mabawa. Hakuna aliyeudonoa. Maka alikaa chini kwa kucheka.

Aabo hakukasirika. Alifanya kama alivyozoea porini mnyama akiugua: akatulia na kutazama kuku wanakwenda wapi wenyewe. Siku tatu alitazama.

Mimi nilikuwa na mtungi wa chachu, ile ya kuumua unga wa anjera, mikate yetu myembamba. Kila nilipousafisha, mashapo mazito yenye kunuka uchachu niliyamwaga nyuma ya jiko. Siku ya tatu Aabo akaniita.

"Umemwona yule mweusi? Ameacha mtama, amekimbilia uchafu wako wa mtungini. Na jana hivyo hivyo. Ile ndiyo chumvi yao."

"Aabo, hiyo ni chachu tu."

"Wewe unaiita chachu. Yeye hajaambiwa jina."

Akataka kuwajaribu sawasawa. Sita wale mashapo, sita wasile. Lakini angewatia alama wapi? "Hawana masikio ya kukata," akalalamika, akiwageuzageuza. Mwishowe akachomoa nyuzi nyekundu kwenye pindo la shuka yake nzuri, akawafunga sita miguuni. Kila mmoja wa hao alipata kijiko cha mashapo kilichochanganywa na pumba za mahindi. Aliwalisha mmoja mmoja, akiwashikia kichwa na kuwasemesha.

Baada ya wiki tatu wale wenye nyuzi walikuwa wameacha kuharisha, na vifua vimejaa. Komora akaja, akawapapasa wote, akawaweka kando watatu aliowataka. Wote watatu walikuwa na uzi.

"Mnawapa nini?"

Nikamwonyesha mtungi. Komora akamgeukia Aabo, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, hii ni hamira. Mimi naitia mkate uumuke, wewe umewaumua kuku."

Tangu hapo alituletea mashapo ya chachu yake ya mkate, akisema anapita tu. Nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa.

Mvua zikaisha. Nuh akafika na lori Jumanne asubuhi. Abiria aliyekaa mbele alipoliona goti la Aabo, alihamia juu ya magunia bila kuambiwa. Aabo akapanda na mkeka wake ukapandishwa. Nilisimama chini. Akatoa kichwa dirishani.

"Chumvi utawapa wewe?"

"Mimi."

"Kiasi gani?"

Kipimo nilikijua kama jina langu. "Kikombe," nikasema.

"Kikombe kwa wote?"

"Kwa kila mmoja."

Aabo akamtazama Nuh, kama mtu anayetafuta shahidi. "Utawapasua. Ni kijiko, aabo. Kijiko, na pumba."

"Pumba za mtama?"

"Za mahindi. Mtama nani amekwambia?"

Maka alikuwa amesogea hadi kwenye lori. Miezi yote ile alikuwa amemcheka, lakini sasa uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Usijali, mzee," akasema. "Nitamsaidia. Tutawapa Ijumaa kwa Ijumaa, ya wiki nzima mara moja. Hata vifaranga watakaoanguliwa."

"Hata vifaranga," nikaitikia.

Nuh akazima gari. Safari yake ilikuwa ndefu, na hakuna aliyemwomba asubiri.

Aabo hakuwa mjinga. Maisha yake yote alinunua ngamia kwa watu wenye maneno matamu. Alinitazama muda mrefu, nami nikatazama miguu yangu. Kisha akafungua mlango, akashusha kwanza mguu mzima.

"Nuh," akasema, "msalimie sana ndugu yangu. Mwambie nimeshindwa kuja. Nina mifugo, na hawa wanawake watawaua."

Nuh akasema atamfikishia, akashuka mwenyewe kumteremshia mkeka.