Karani Aliyefutwa kwenye Mfumo

Mjinga wa siku ile alikuwa mtaalamu wa kompyuta, na mwenyewe hakatai. Kwa miezi kumi na minne aliujenga mfumo mpya wa hospitali, na katika muda huo walipita wakurugenzi watatu, kila mmoja na mchoro wake wa vitengo. Wa kwanza aliiweka masijala chini ya utawala. Wa pili aliihamishia kwa wauguzi. Wa tatu aliifuta. Mtaalamu alichora alichoambiwa, akiwa ofisini kwa mkurugenzi, penye kiyoyozi. Masijala yenyewe, hatua ishirini kutoka hapo, hakuwahi kutia mguu.

Jumatatu saa nne asubuhi alibonyeza kitufe cha kuuwasha mfumo, masijala ikiwa haimo. Karani wa masijala, mtu mzima ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Faili, akaacha sakafu. Alipanda taratibu, kiti kikabaki chini, mpaka mgongo ukagusa dari.

"Nizimieni feni," alisema. Wakaizima.

Dirishani alikuwepo mjamzito anayesubiriwa kwa upasuaji. Kompyuta ikasema mgonjwa huyo hayupo.

"Nipo," mjamzito akaiambia.

"Kabati la tatu, droo ya chini," Mama Faili akasema kutoka juu. "Tafuteni jina la mume wa kwanza. Na daktari asome ule wino mwekundu: dawa ya usingizi ya mara ile nusura imuue."

Faili likapatikana, dawa ikabadilishwa, mtoto akazaliwa analia.

Wiki ya pili walimfunga Mama Faili kamba kiunoni, asije akapeperukia nje kupitia dirishani. Chakula cha mchana alipelekewa kwa ngazi ya fundi umeme. Jioni binti yake alimvuta kwa kamba hadi nyumbani, akimlalamikia asigonge nyaya za watu.

Mtaalamu alikosa raha, akaenda kwa mkurugenzi.

"Bosi, niruhusu nimrudishe kwenye mfumo. Ni kazi ya dakika mbili."

"Muundo umepitishwa na bodi. Na ripoti imeshaondoka: mradi umekamilika asilimia mia."

"Mama wa watu yuko darini!"

"Kwani kazi hafanyi? Yule mjamzito si alitoka salama? Hiyo iandike kwenye mafanikio ya mfumo."

Mtaalamu akaiandika. Nimeshasema alikuwa mjinga. Sikusema ni kwa siku moja tu.

Ijumaa mkurugenzi alishuka masijala na mpiga picha, kupiga picha ya uzinduzi. Kompyuta ilifutwa vumbi. Mama Faili aliombwa asogee pembeni, miguu yake ilikuwa inaingia kwenye picha. Akasogea, akijisukuma kwa vidole kwenye dari, uso ameukunja.

"Mama, usininunie," mkurugenzi akasema huku akitabasamia kamera. "Hakuna aliyekufukuza. Ni mpangilio tu."

"Kama ni mpangilio tu, mwanangu, anza kujifuta wewe, halafu uje tuzungumzie huku juu."