Nepia ya Nyuma ya Jikoni

Mama yangu hajawahi kuwaambia waumini wenzake kule Bungoma kazi ninayofanya. Wakimuuliza, husema, "Nakhumicha ni daktari huko Thika," kisha hubadilisha mazungumzo upesi kabla hawajaanza kutaja magoti yanayowauma. Simlaumu sana. Mara ya kwanza kuniona kazini nilikuwa nimepiga magoti katika shamba la watu, mrija mdomoni, navuta wadudu waingie kwenye chupa. Alidhani nawala. Nikamwonyesha kitambaa cha neti kilichoko ndani ya mrija, kinachomzuia mdudu asifike mdomoni. Akakitazama, akanitazama mimi, akauliza kama aliuza fahali wake anisomeshe kwa ajili ya hiyo.

Ndiyo, kwa ajili ya hiyo. Mimi ni mtaalamu wa wadudu wanaoeneza magonjwa ya mimea, na sioni haya. Mbu mnamjua nyote kwa sababu anawauma ninyi. Nyasi nazo zina mbu wao: kidudu cha kahawia, kidogo kama punje ya mtama, kinachofyonza utomvu wa nyasi gonjwa, kikaruka, kikafyonza nyasi nzima, na ugonjwa umehama. Ugonjwa ninaoufuata mimi hudumaza nepia, ile nyasi ndefu ya kulishia ng'ombe. Nyasi iliyokuwa inakupita kimo unaikata mara moja, mara mbili, kisha inachipua fupi, manjano, isiyomshibisha hata sungura. Kule Theta, si mbali na Thika, ambako kila boma lenye ng'ombe lina nepia, nimeufuata miaka mitano. Umenipa shahada, umenipa kazi katika kituo cha utafiti pale Thika, umenipa hata pikipiki ya kuzungukia mashamba. Jambo moja tu ulininyima. Kila mwaka ripoti yangu iliuliza, "Ugonjwa uliingiaje Theta?" na kila mwaka nilijibu, "Haijulikani."

Mwezi wa tatu Kavindu akanipigia simu.

Kavindu ni mama yangu wa pili. Nilipofika Thika miaka minane iliyopita, kibarua wa kuosha chupa za maabara, yeye ndiye aliyenipa chumba nyuma ya nyumba yake Theta, na sahani mezani pake. Ni Mkamba mwenye sauti ya kuita watoto ng'ambo ya mto, na mkono wake hauna kufuli.

"Jumamosi fellowship iko kwangu," alisema. "Nataka ukuje usimame, useme kisayansi ni nani alituletea hii ugonjwa ya nyasi. Sema ni Githinji."

"Na kama si yeye?"

"Ni yeye! Nyasi yake ndio ilianza kugeuka yellow. Mimi si daktari lakini macho niko nayo."

Githinji ni jirani yake wa ua kwa ua, mzee mpole ambaye kofia yake huvuliwa kanisani na kitandani tu. Kwa miaka ishirini ng'ombe wa Kavindu akikauka, Githinji alipeleka maziwa, na wa Githinji akikauka, Kavindu alipeleka. Sasa watu walikataa mbolea yake. Mmoja alimwambia asipitishe wilbaro yake kwenye njia yao. Mzee aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye fellowship, ibada yetu ya nyumba kwa nyumba, aliacha kuja, akawa anaimbia ng'ombe wake watatu. Nilikasirika, na nikaapa kwamba Jumamosi sitasema neno nisilolijua kwa hakika.

Basi Alhamisi nilizunguka maboma kumi na manne. Safari hii niliuliza swali ambalo, nakiri kwa aibu, sikuwa nimewahi kuliuliza katika miaka yote mitano. Aliyezoea kuinamia wadudu husahau kuinua macho amwangalie mtu. Niliuliza, "Mbegu ya nepia hii ulitoa wapi?"

"Kwa Kavindu," alisema wa kwanza.

"Kwa Kavindu," akasema wa pili, na wa tano, na wa kumi na tatu.

Sikupaswa kushangaa. Hakuna mgeni anayetoka kwa Kavindu mikono mitupu. Fellowship ikiisha, kila mama huondoka na kifungu cha mashina ya nepia aende akapande, na asiyekitaka hukibeba vilevile ili kuepusha vita. Ni Githinji peke yake aliyekuwa na mbegu ya kwingine, ya zamani. Lakini nyasi yake ilikuwa hatua tatu kutoka kwa kichaka kikuukuu cha Kavindu, kile cha nyuma ya jikoni, na kidudu changu hakihitaji nauli ya hatua tatu. Kwa nini basi ya Githinji ilionyesha kwanza? Kwa sababu ana ng'ombe watatu, anaikata kila mara, na ugonjwa huu hujionyesha nyasi inapochipua baada ya kukatwa.

Nikamkuta Kavindu akipepeta maharagwe. "Mama Mutheu," nikamwambia, maana Mutheu ndiye kifungua mimba wake, "nepia ya nyuma ya jikoni nayo ulitoa wapi?"

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Ai, umesahau? Si mama yako! Alikuja na basi ya usiku kutoka Bungoma kunishukuru juu yako. Akaleta kuku, na nepia amefunga na leso kama mtoto. Hiyo nyasi ya mama yako ndio imezaa nepia yote ya Theta!"

Alisema kwa fahari. Nami nilikaa chini palepale, juu ya gunia la maharagwe.

Bungoma ugonjwa huu ulijulikana kitambo kabla ya huku. Wakati ule nilikuwa naosha chupa tu, sikujua lolote. Mama naye alikata mashina manene kuliko yote, yenye afya machoni, kwa sababu shukrani haipelekwi ikiwa nyembamba. Miaka mitano nimemwinda mkosaji kwa neti na darubini, kumbe mkosaji ndiye aliyenizaa.

Siku mbili sikulala vizuri. Nilijua ninavyoweza kujinasua. Ningesimama na kusema, "Ni wadudu," na ningekuwa sijadanganya. Wadudu hawana wakili. Mama angebaki na heshima yake, Kavindu na furaha yake, na mimi na jina langu. Githinji peke yake angebaki na minong'ono, maana watu wangeuliza tu, wadudu wa nani?

Jumamosi sebule ilijaa. Githinji alikuja, kwa kuwa nilimwomba mimi mwenyewe, akaketi karibu na mlango, kofia juu ya goti. Baada ya sala Kavindu akanisukuma mbele. "Daktari atasema ukweli sasa."

"Ni wadudu," nilianza, na sauti yangu ikanikaa vibaya masikioni. Nikamtazama mzee. Alikuwa ameinama, anaizungusha kofia polepole, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Ni wadudu walioutoa ugonjwa kwa Kavindu wakaupeleka kwa Githinji," nikasema. "Si kutoka kwa Githinji kuja kwa Kavindu. Na kwa Kavindu uliletwa na mama yangu, kwenye leso, miaka minane iliyopita. Maboma mengine yote yaliupata kwa zawadi. Githinji hajaambukiza mtu. Ameambukizwa. Nisameheni."

Nje kuku alikuwa akijisifu kwa yai. Nilimwona Kavindu akihesabu kwa midomo yale maboma, moja moja, na machozi yakamlenga. "Kumbe ni mimi niligawa," akasema. "Na ni mimi nilisema ni yeye."

Akainuka. Hakuhutubu. Alimimina chai kikombe cha kwanza, kikombe cha mgeni wa heshima, akakipeleka mpaka mlangoni kwa mikono miwili.

Githinji akachungulia ndani. "Kavindu, hii ni turungi."

"Ng'ombe haina nyasi, maziwa itatoka wapi?"

"Ngai! Ungeniuliza. Nimebeba mtungi, uko hapo nje. Niliona nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimeleta kitu."

Sebule nzima iliangua kicheko, Kavindu akilia na kucheka kwa pamoja, na mtungi ukaletwa. Ndipo Githinji, akiwa na masharubu ya maziwa, akatoa hukumu yake: mkosaji apigiwe simu. Niliiweka kwenye spika nikimwomba Mungu mtandao ukatike. Haukukatika. Nilimweleza Mama yote kwa Kiswahili, wote wasikie.

"Na yule kuku?" akauliza. "Naye alikuwa mgonjwa?"

"Kuku tulikula, alikuwa sawa!" akapaza sauti Kavindu.

"Basi nakuja."

Alikuja wiki iliyofuata. Alipoingia na mzigo mrefu uliofungwa kwa leso, Githinji alimkimbilia langoni mikono juu. "Mama, pole, hapa tunakagua mizigo!" Mama akaufungua bila haraka. Lilikuwa jembe.

"Nilileta mimi," akasema. "Nitang'oa mimi."

Kichaka cha kwanza alikichimba yeye, Kavindu akivuta mashina, na bibi hao wawili wakabishana siku nzima ni nani anayepaswa kumwomba mwenzake radhi zaidi. Majirani walikuja na majembe yao. Kwa siku nne tuling'oa boma kwa boma, tukachoma, na Githinji alirudia kazi yake ya kuanzisha nyimbo. Tukapanda mbegu niliyoipima kituoni shina kwa shina, aina inayostahimili ugonjwa.

Siku ya Mama kuondoka, Kavindu alisahau yote. Mkono ulitangulia akili. Alitoka mbio nyuma ya jikoni akiwa na kifungu cha mashina mabichi yaliyobaki kwenye upanzi, akamtia Mama mikononi. "Huwezi enda bure!"

Tukapiga kelele sote kwa pamoja, lakini Mama alituzidi. Alikirudisha kile kifungu mbele ya watu wote waliokuja kumsindikiza.

"Asante, lakini sibebi," akasema. "Mpaka kwanza mtoto wangu aipime. Ni daktari wa wadudu."

Kisha akanigeukia, akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo. "Na huo mrija wako uje nao Disemba. Watu wa kanisa wataka kuuona."

Nilijifanya nakagua kile kifungu. Nilikikagua kwa muda mrefu sana, shina kwa shina, mpaka macho yangu yakakauka.