Ratiba ya Kupaa

Fundi seremala alifika kwenye makao ya ibada mlimani saa nne na robo asubuhi, sanduku la zana begani, viatu vimejaa tope. Alikuja kumtembelea dada yake, mpishi wa pale kwa miaka sita. Getini aliulizwa dini yake. Akasema seremala. Mlinzi akaandika hivyo hivyo, maana pale dini zote zilikaribishwa.

Jikoni alimkuta dada yake ameketi hewani, kimo cha mtu mzima kutoka sakafuni, anapaa samaki wa bwawani. Magamba yalikuwa yakidondokea kwenye sufuria ya supu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Mkeo hapiki?"

"Anapika. Kilichonikondesha ni mlima wenu huu."

Dada alimsimulia mambo yalivyoanza, huku kisu kinaendelea. Wiki yake ya kwanza alisoma kwenye ubao wa matangazo: saa nne, wote kupaa. Kwake yeye kupaa ni kutoa magamba. Akabeba ndoo ya samaki, akaingia ukumbini, akaketi, akaanza kazi. Wenzake walikuwa wamefumba macho. Wengine wamepiga magoti, wengine wamekunja miguu, wengine wamesimama wameelekea ukuta. Alipomaliza samaki wa tatu akahisi mkeka umemwacha. Walimtoa kwa sababu ya shombo. Tangu hapo, kila saa nne akishika samaki hupanda, na saa sita hushuka apakue chakula.

Mle ukumbini hakuna aliyewahi kupanda hata unene wa kidole. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na mwaka wa kumi na moja anajaribu.

"Nataka kitu kimoja tu," dada alisema. "Nikae mle nao, japo siku moja. Kamwambie Mlezi. Wewe una mdomo."

Mlezi, mkuu wa makao, alikuwa barazani anamwagilia maua. Fundi hakupindisha maneno.

"Dada yangu anapaa. Nyie hampai. Mbona yeye ndiye yuko nje?"

"Tunajua, fundi. Tunashukuru sana kwa hilo," Mlezi alisema kwa upole. "Lakini ukumbi ni wa wanaotafuta. Yeye hatafuti, anapika."

"Basi mmoja wenu akapike siku moja."

Mlezi alifikiri kwa dhati.

"Nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua. Fundi akatazama ukumbini. Watu wa dini sita walikuwa wamekaa bega kwa bega kwa amani kabisa, na hakuna aliyejua kisu cha jikoni kinakaa wapi.

"Ila umekuja wakati mzuri," Mlezi akasema. "Magamba yanaingia kwenye supu. Ungemtengenezea meza ya juu."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa hawakungoja hata chai. Fundi alikasirika, kisha akapima mbao, maana hasira haizuii magamba. Alikata miguu minne mirefu, akapigilia kingo pembeni, akatoboa tundu la maji machafu. Jioni meza ilikuwa imesimama, imepita kimo cha ukuta wa jikoni, ambao haukufika darini. Ng'ambo ya ukuta ule ulikuwa ukumbi.

Kesho yake saa nne dada alishika samaki, akapanda, akaegemeza viwiko mezani na kuchungulia.

"Unaona nini?" fundi aliuliza kutoka chini.

"Naona tosi za vichwa vyao. Wametulia, maskini. Mwalimu mstaafu anakoroma." Alicheka mpaka akapanda kidogo, ikabidi ashike kingo. "Meza nzuri hii. Hata mgongo hauniumi."

"Kwa hiyo umeingia?"

"Kichwa kimeingia."

Aliwatazama kitambo, uso umetulia kama wa mtu aliyeshiba. Kisha sauti ya upole ikatoka ukumbini, ikiwaomba wa jikoni wapunguze kelele, watu wanajaribu kupaa.

"Samahanini," dada akanong'ona.

Akanyoosha mkono chini bila kugeuka.

"Nipe ndoo ya pili."