Lami Inaenda Wapi

Lori lilikuwa limemwaga lami ya moto, na nyapara wa kuziba viraka vya barabara alikuwa ameshaanza kuitandaza kwa reki, aliposikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka. Viatu vilivyokuwa vikija vilisikika wazi kwamba havijawahi kukanyaga lami ya moto.

"Ndiyo wewe nyapara?" aliuliza mkaguzi wa manispaa.

"Ndiyo mimi, mheshimiwa. Mwaka wa kumi na tisa sasa."

"Basi ni miaka kumi na tisa ya wizi. Malori sitini na nne yamemwaga lami hapa, kipande cha hatua mia, na bonde hili la barabarani bado liko palepale. Lami mnaiuza. Tia saini ukiri, uondoke kimyakimya. Ukikataa, saa sita naita polisi."

Nyapara aliishia darasa la tano, lakini kusoma alijua. Aliisoma karatasi yote, neno kwa neno, lami ikipoa kwenye rundo. Akamrudishia.

"Nimeitwa mengi mimi. Mwizi bado."

Shemeji yake, dereva wa mashine ya kushindilia, akazima injini. "Shemeji, saini twende zetu. Mwenye nguvu mpishe."

"Ukimpisha kila siku utaishia mtaroni. Shusha mashine ya kuvunjia lami."

"Tunavunja? Si tumekuja kuziba?"

"Dada yako alikuletea shemeji mwenye akili, wewe bado unauliza! Shusha."

Wakaanza kuchimba katikati ya bonde, kingo zikiwa wima kama ukuta, mkaguzi akibaki kando kuwatazama. Magari yakafoka kwa honi. "Nyie mnaziba au mnachimba?" dereva mmoja alipayuka.

"Leo tunamtafuta mwizi!" shemeji akamjibu, na watu wakacheka, wakasogea kutazama.

Chini ya lami kulikuwa na lami. Chini ya hiyo, lami nyingine, iliyopauka, na katikati yake mstari mwembamba wa vumbi. Nyapara alipangusa ukuta wa shimo kwa brashi ya waya.

"Hesabu, mheshimiwa. Kila mstari ni kiraka."

Mkaguzi alihesabu akiwa amesimama. Alipofika cha tisa, akachuchumaa. Cha kumi na saba kilimkuta amepiga magoti, koti kaliweka pembeni. Kisha zikatokea kokoto, na chini ya kokoto mifuko ya plastiki, chupa, soli za kandambili. Harufu ikapanda, umati ukarudi nyuma kwa pamoja.

"Ramani inasema hapa ni ardhi imara," mkaguzi alisema, pua kaiziba.

"Ramani hainuki, mwanangu," alisema mama muuza viatu vya mitumba, ambaye meza yake ilikuwa kando ya barabara. "Hapa palikuwa jalala. Mama yangu aliokota chupa hapa mimi nikiwa mgongoni. Watu wa manispaa wakaja na tingatinga wiki moja, wakafukia, wakaweka barabara, wakakata utepe. Tuliwaambia. Nani alisikiliza waokota chupa?"

Nyapara aliinama akachungulia shimoni. Miaka yote hiyo alidhani anakosea kushindilia, akawa anaongeza lami na kuwafokea vijana wake. Sasa aliliona kosa lenyewe. Taka zinaoza, zinapungua, zinabonyea. Na kila kiraka ni mzigo juu ya kitanda kilichooza.

"Kosa letu liko hapo," alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Tumelilisha hili shimo kwa mikono yetu. Lakini kijiko hata kimoja hatujauza. Shuka upime."

Mkaguzi akashuka na viatu vyake, akashika ncha ya utepe wa kupimia. Lami peke yake, sentimita mia moja na arobaini. Akapiga hesabu kwa hatua zote mia: malori sitini na nne, yote yamo humo. Umati ukapiga vigelegele. Shemeji akacheza juu ya mashine kama bwana harusi.

"Andika," nyapara akasema. Mkaguzi akaandika, akatia saini yake mwenyewe, kisha akanong'ona, "Sasa zibeni haraka. Mkurugenzi wa manispaa anapita saa tisa."

"Leo hatuzibi."

Wakaiegesha mashine ya kushindilia mbele ya shimo na kukaa. Saa tisa gari jeusi likapiga honi, likapiga tena, halafu likakata tamaa. Mkurugenzi akaja kwa miguu, suruali kaikunja. Nyapara alimpa mkono asiteleze.

"Sogea, mheshimiwa. Chungulia vizuri. Ndiyo barabara yenu hiyo."