Kinyozi Alisema Anakuja Sasa Hivi

Hapa Christiana, milimani Jamaika, kumwambia mtu "siwezi" ni kama kumtusi. Tunasema "soon come", yaani nakuja sasa hivi, na kila mtu anajua hiyo inaweza kuwa alasiri, au hata Alhamisi.

Ndiyo maana sikushtuka siku nilipotumwa kwa Linval kinyozi. Jirani yangu Mass Ferdie alikuwa anatembelewa na bintiye Marva, aliyehamia Toronto miaka mingi iliyopita. Kaja kwa harusi Montego Bay, ana asubuhi moja tu ya kumwona baba. Na mzee, mikono inatetemeka, wembe hashiki tena, kaapa hatamtokea na ndevu za mgonjwa.

Nikamkuta Linval kwenye duka la ramu, anacheza dhumna.

"Linval, mzee anakusubiri. Ndege ya Marva ni leo leo!"

"Miss Icy, mwambie nakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya nani?"

"Ya kwangu, mama! Niache kwanza nimfunge huyu mdomo."

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, nikarudi zangu.

Marva alipofika, nusu ya mtaa tulikuwa sebuleni tunakula samaki wa chumvi. Mzee kajifungia chumbani.

"Baba, fungua basi. Nani anajali ndevu?"

"Mimi. Uliniacha mtanashati. Linval yuko njiani. Kula kwanza, mwanangu."

Marva akavuta kiti mpaka mlangoni, wakaongea hivyo hivyo, mbao katikati: magoti ya mzee, wajukuu, ng'ombe aliyeuzwa. Nje, dereva aliyemleta akapiga honi. Akapiga tena. Marva akabandika kiganja mlangoni, kisha akatoka akifuta macho, sahani haijaguswa.

Vumbi la gari halijatua, Linval huyo, wembe mfukoni, meno nje. Nikamwonyesha sahani ya Marva.

"Si nilisema nakuja?" Sauti ikamfia mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mzee alikuwa kavaa suti na tai, ndevu zimemzagaa mashavuni. Akakaa kwenye kiti alichoacha bintiye.

"Nyoa."

"Mass Ferdie, baba, nisamehe..."

"Nyoa, kijana."

Linval alinyoa polepole, mkono mwepesi kuliko siku zote. Sisi wengine tukaanza kukusanya sahani.

"Ningemfungulia tu," alisema mzee, povu mdomoni. "Ningefungua."

Linval akafuta wembe, akageukia shavu la pili.